Jua ndani ya sanduku

Mwaka 1961 mkazi mmoja wa Marekani aliipa bustani ya wanyama ya Saint Louis, katika jimbo la Missouri, chatu jike aliyekuwa akimfuga. Tarehe 23 Julai 2020 chatu huyohuyo, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 62 hivi, alitaga mayai saba. Habari zilizunguka dunia kwa sababu bibi huyo alikuwa hajakaribiana na dume kwa miaka isiyopungua 15. Wengi walibaki kwenye mayai. Mimi nilibaki kwenye ile miaka karibu 60. Saint Louis ni mji ambao Januari maji huganda barabarani, na chatu ni mnyama ambaye mwili wake haujitengenezei joto la kumtosha. Ina maana kwamba kila usiku wa baridi, kwa karibu miongo sita, kulikuwa na mtu aliyehakikisha joto halizimiki.

Kufuga nyoka ni kazi ya umeme kuliko kazi ya ushujaa. Anayeingia akidhani kibarua kikubwa ni kumshika na kumlisha panya hugundua upesi kwamba nyoka mwenyewe ni mpole, ila sanduku lake ndilo korofi.

Chatu wa Saint Louis ni wa aina ambayo Waingereza huiita chatu wa kifalme. Kisayansi ni Python regius, jina alilopewa na George Shaw mwaka 1802. Kwao ni Afrika, kuanzia Senegal, kupita Ghana, Togo na Benin, hadi pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Jike aliyekomaa hufika mita moja na nusu kwa shida, na dume ni mdogo zaidi. Hana sumu. Akiogopa, mara nyingi hang'ati. Hujikunja akawa donge, kichwa akakificha katikati, akasubiri balaa lipite. Kwa upole huo amekuwa mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani. Ghana, Togo na Benin zimewasafirisha kwa miongo mingi, chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na siku hizi wengine wengi huanguliwa hukohuko ng'ambo. Huko Ouidah, Benin, lipo hekalu la chatu linalotazamana na kanisa kuu la Kikatoliki. Nyoka wa aina hiihii hukaa humo wakiheshimiwa, na hali ya hewa ya pwani ile inawatosha bila kifaa chochote.

Kwetu sisi habari ya nyoka ni fupi: akionekana, hutafutwa fimbo. Siandiki makala hii kubishana na fimbo. Lakini Waswahili sasa wako Leicester, Minneapolis, Toronto na Muscat, na mtoto aliyezaliwa huko anaweza kurudi kutoka shuleni na ombi ambalo babu yake wa Tanga hatalisikia bila kushika kichwa. Mzazi akikubali, swali la kwanza atakalouliza dukani ni hili: nyoka anataka joto la digrii ngapi?

Swali hilo lina kasoro, na kasoro yake ndiyo chanzo cha nyoka wengi kuugua. Chatu hataki digrii fulani. Anataka nafasi ya kuchagua.

Kabla ya miaka ya 1940 hata wataalamu wengi walimchukulia nyoka kuwa mtumwa wa hewa inayomzunguka: ikipoa anapoa, ikipanda anapanda, basi. Watafiti Raymond Cowles na Charles Bogert walikwenda kufanya kazi na wanyama watambaao katika jangwa la kusini mwa California, na mwaka 1944 wakachapisha utafiti uliobadilisha mtazamo huo. Walionyesha kwamba mijusi na nyoka hawakai tu wakapokea. Hutoka juani, huingia kivulini, hujifukia mchangani, hurudi juani, na kwa mahangaiko hayo huuweka mwili karibu na joto wanalolitaka, wakati hewa yenyewe inapanda na kushuka mno. Joto la nyoka linatokana na mwendo wake. Mnyime pa kwenda, umemnyima njia ya kujitawala.

Aliyewahi kulea vifaranga anaielewa hoja hii bila kusoma utafiti wa mtu. Kabla ya kukitazama kipimajoto huwatazama vifaranga. Wakirundikana chini ya taa, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, taa imeshushwa mno. Wakitawanyika na kudonoa chakula, mambo yamekaa sawa. Tofauti ni kwamba kifaranga hupiga kelele, na chatu hunyamaza miezi mitatu akigoma kula kabla mwenye nyumba hajashtuka.

Kwa hiyo sanduku huwekwa joto upande mmoja tu. Chukua sanduku la mbao au la plastiki ngumu lenye urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60, linalomtosha chatu wa kifalme aliyekomaa. Upande wa moto, pale taa inapopiga, uso wa jiwe au ubao uwe kati ya digrii 32 na 34 za Selsiasi. Upande wa pili hewa iwe 24 hadi 26. Katikati joto lishuke lenyewe polepole. Usiku kote kunaweza kupoa, lakini kusishuke chini ya 22. Halafu weka mapango mawili ya kujifichia, moja kila upande, yote madogo kiasi kwamba nyoka akijikunja ndani mgongo wake uguse kuta.

Hayo mapango mawili si mapambo. Porini chatu huyu hushinda mchana kwenye mashimo ya panya na kwenye vichuguu vya mchwa, na hajioni salama mpaka ameguswa pande zote. Ukimpa pango moja, tena upande wa baridi, umemlazimisha achague kati ya usalama na joto. Huchagua usalama. Atakaa pale akiwa baridi wiki baada ya wiki, mwenye nyumba akisifu utulivu wake. Akilishwa katika hali hiyo, panya huanza kuoza tumboni kabla hajameng'enywa, na baada ya siku kadhaa hutapikwa. Uvundo wake si wa kusimulia sebuleni. Akiendelea kukaa kwenye baridi, hufuata mapafu: mapovu puani, mdomo nusu wazi, pumzi zenye mlio. Hapo si kazi ya taa tena, ni kazi ya daktari.

Wala asifikiriwe kuwa mnyama wa ardhini tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kutoka kusini mwa Nigeria ulikuta madume ya chatu huyu wakipanda miti na kula ndege zaidi ya majike, ambao walikula zaidi panya na wanyama wa ardhini. Tawi imara lililolazwa kimshazari ndani ya sanduku linampa ngazi ya joto ya kwenda juu na chini, maana hewa karibu na taa ni moto kuliko ya sakafuni.

Waya mdogo wenye madhara makubwa

Wazo la kuweka viwango tofauti vya joto katika chumba kimoja lina mwanamke wa kushukuriwa. Joan Procter alikuwa msimamizi wa reptilia katika bustani ya wanyama ya London, na jumba la nyoka alilolibuni lilifunguliwa mwaka 1927, hata miaka 30 hajafikisha. Humo alitumia umeme kupasha sehemu mbalimbali kwa viwango tofauti, na akapanga taa ziangaze ndani ya vizimba huku watazamaji wakisimama kwenye kiza, kama ilivyo kwenye matangi ya samaki. Alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote na alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 34. Jumba lake liliendelea kutumika hadi karne hii. Anayepanga sanduku la nyoka leo, hata kama hajawahi kulisikia jina lake, anafuata ramani yake.

Vifaa ni vingi madukani, na vingine havifai hata bure. Jiwe la plastiki lenye waya wa umeme ndani yake, linalouzwa ili nyoka alale juu yake, ni la kupita bila kugeuka: hupata moto bila mpangilio, na nyoka huungua. Mkeka wa umeme wa kubandika chini ya tangi una kazi yake kwenye visanduku vidogo, lakini hupasha tumbo bila kupasha hewa, na ndani ya sanduku kubwa la mbao huwa ni kama haupo. Ninachokipendelea kwa mchana ni balbu ya haloji, ileile inayotumika kumulika maduka, ikiwa imefungwa juu. Joto lake hushuka kutoka juu kama la jua, na sehemu kubwa yake ni miale ya infraredi ya mawimbi mafupi inayopenya ngozi na kufika kwenye nyama. Kwa usiku, kama nyumba inapoa mno, kuna kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga wowote. Chake huishia zaidi kwenye ngozi na hewa, lakini usiku kinachotakiwa ni hicho tu: kuizuia hewa isishuke. Balbu au kauri, vyote vizungushiwe kizimba cha waya, kwa sababu chatu akiweza kuikumbatia balbu ya moto ataikumbatia.

Hilo ni fumbo kidogo. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto kutoka mbali, ndivyo vinavyomwonyesha panya gizani. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti akiwemo David Julius, ambaye mwaka 2021 alikuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya hisi ya joto, kilionyesha protini inayofanya kazi hiyo kwenye neva za nyoka wenye vishimo, chatu wakiwemo. Mnyama mwenye hisi kali namna hiyo hulala juu ya mkeka uliopitiliza moto hadi magamba ya tumbo yakaiva. Madaktari wanaotibu reptilia wanayajua majeraha hayo vizuri.

Ndiyo maana kila kinachopasha joto lazima kipitie kwenye themostati, kifaa kinachodhibiti joto. Si hiari, wala si jambo la kusubiri mshahara ujao. Themostati ya kuwasha na kuzima inafaa kwa mkeka. Kwa balbu itafutwe ile inayopunguza na kuongeza nguvu kidogokidogo, la sivyo taa itawaka na kuzima mchana kutwa na balbu haitamaliza mwezi. Kisha kuna waya mwembamba wenye kihisi kwenye ncha, unaoingia sandukuni kuiambia themostati hali ikoje. Maafa mengi huanzia hapo.

Tazama inavyotokea. Kihisi kimelazwa juu ya mkeka, kimebandikwa kwa gundi ya karatasi. Usiku chatu anazunguka, anapenyeza pua chini ya waya, anausukuma. Gundi inaachia. Kihisi kinaangukia upande wa baridi, kando ya bakuli la maji, na kuanza kuripoti digrii 23. Themostati inaamini. Inaona joto halitoshi, inafungulia umeme wote, na mkeka unapanda: 38, 42, 50. Taa ndogo ya themostati inaonyesha kila kitu kinafanya kazi, na kweli kinafanya kazi, kwa taarifa ya uongo. Asubuhi nyoka ana lengelenge. Kwa hiyo waya ufungwe kwa vibanio vya skrubu ukutani, kihisi kikae pahali ambapo nyoka hawezi kukisogeza wala kukikojolea, na themostati isiaminiwe peke yake. Pembeni yake viwepo vipimajoto viwili vya dijitali, kimoja kila upande. Chombo cha kupimia joto kwa mbali, chenye umbo la bastola kama kile tulichokizoea wakati wa Korona kikielekezwa kwenye paji la uso, ndicho bora kuliko vyote kwa kupima jiwe lililo chini ya taa. Vipimo vya duara vyenye mshale, vya kubandika kwenye kioo, hupima joto la kioo, na hata hilo hukosea.

Mwanga bila utapeli

Kwenye mwanga kuna biashara kubwa ya rangi. Balbu nyekundu za usiku, balbu za buluu za mbalamwezi, zote zimeuzwa kwa hoja kwamba nyoka haoni rangi hizo. Jicho la chatu wa kifalme limechunguzwa na lina chembe za kuonea mwanga wa kawaida na hata chembe zinazopokea miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni kabisa. Taa nyekundu inayowaka usiku kucha humharibia usiku. Anachotaka ni giza kamili saa 12 na mwanga saa 12, na saa ya kuwasha na kuzima ya bei ndogo inatosha kuisimamia kazi hiyo. Kwa mtu aliyekulia karibu na Ikweta ratiba hiyo haihitaji maelezo: jua linatoka saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili. Kwa aliye Uskoti, ambako Desemba giza huingia kabla ya saa kumi jioni na Juni mwanga haukomi mpaka usiku mwingi, sanduku ndilo linalopaswa kukumbuka.

Kuhusu miale ya urujuanimno yenyewe, ile inayosaidia ngozi kutengeneza vitamini D, wafugaji hugombana kama mashabiki wa Simba na Yanga, na pande zote mbili zina kitu cha kushika. Utafiti wa mwaka 2008 uliwaweka nyoka wa mahindi wa Marekani chini ya taa za miale hiyo, na vitamini D katika damu yao ikapanda. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 uliwapima chatu wa kifalme, na haukuona badiliko la maana. Mnyama anayekula panya mzima, pamoja na mifupa na ini, hupata vitamini hiyo kwenye chakula, na hilo linaeleza kwa nini vizazi vya chatu vimekulia kwenye makabati bila taa hizo. Kwa upande mwingine, hata mnyama wa machweo na alfajiri hupatwa na jua kidogo. Gary Ferguson na wenzake mwaka 2010 waliwapanga reptilia katika makundi manne kulingana na jua wanalojianika, na chatu huyu huwekwa kwenye kundi la kwanza, la wanaokaa kivulini.

Ushauri wangu: tyubu dhaifu ya urujuanimno, upande wa moto pekee, na pango la kuikimbia. Ikiwa pesa ni ya kitu kimoja kati ya tyubu hiyo na themostati nzuri, nunua themostati. Na ujue kwamba kioo huizuia miale hiyo, wavu wa chuma huipunguza, na tyubu huchoka huku ikiendelea kung'aa, hivyo hubadilishwa kwa kalenda, si kwa macho.

Maji yasiyoonekana

Joto ni rahisi kulinganisha na unyevu wa hewa. Huku ndiko waliosoma na wasiosoma huanguka pamoja, kwa sababu joto na unyevu hupingana. Hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Chukua hewa ya nje huko Manchester mwezi wa Machi, digrii 10, unyevu asilimia 80. Ukitoka nje unaiona ina unyevu. Iingize ndani, ipashe hadi 24 bila kuiongezea tone la maji: unyevu wake unashuka hadi asilimia 33 hivi. Ipeleke chini ya balbu, digrii 32, inabaki karibu asilimia 21. Maji hayakwenda popote. Hewa imepanuka uwezo, na sasa inayadai kutoka kila kinachogusika, ikiwemo ngozi na mapafu ya nyoka. Chatu wa kifalme anataka asilimia 60 hadi 80. Kila ukiongeza taa unamkausha, na kila baridi ya nje inavyozidi ndivyo taa zinavyozidi.

Hesabu hiyo inatatua pia kilio kingine, cha mtu anayerudisha vipimaunyevu dukani kwa sababu havikubaliani. Sanduku lenye hewa ya asilimia 70 kwenye upande wa digrii 24 litaonyesha karibu asilimia 44 kwenye upande wa 32, mvuke ukiwa uleule. Vipimo vyote viwili vinasema kweli. Cha kuangalia ni kile cha upande wa baridi na kilicho ndani ya pango.

Porini chatu hulimalizia suala hili ardhini. Juu ya nchi harmattan inaweza kuwa inavuma kutoka Sahara na kupasua midomo ya watu, lakini ndani ya shimo hewa haikauki namna hiyo. Kwa hiyo sanduku lijengwe kwa mantiki ya shimo. Tangi la kioo lenye kifuniko cha wavu, ambalo ndilo dukani huuzwa zaidi, ni bomba la kutolea mvuke. Aliye nalo afunike sehemu kubwa ya wavu kwa karatasi ya foili au ubao, aache nafasi ya taa na ya hewa. Sanduku lililofungwa, lenye matundu machache pembeni, ni bora mara nyingi.

Kisha matandiko. Hapa watu wa Tanga na Lamu wangecheka, kwa sababu kinachosifiwa Ulaya kuliko vyote ni makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na vumbi la usumba. Huuzwa kama tofali kavu lililobanwa. Likimwagiwa maji ya uvuguvugu huvimba likajaza ndoo. Tandaza kina cha sentimita 8 hadi 10. Badala ya kunyunyizia juu kila saa, kumimina maji polepole kwenye pembe nne ndiko kunakofaa, ili yashuke chini yakakae kama hifadhi huku tabaka la juu likibaki kavu. Mkono ukipenyezwa hadi chini ukute unyevu. Tumbo la nyoka likipita juu lisilowe. Tofauti hiyo ya tabaka ndiyo siri yote. Matandiko yaliyolowa juu, kwenye hewa isiyosogea, huleta ukungu na vidonda vya magamba ya tumbo, na ikiwa sanduku ni baridi pia, basi mapafu yanakaribishwa. Maranda ya mbao za mwerezi yasitumike. Mafuta yake yananukia vizuri kwetu na ni sumu kwake. Bakuli la maji liwe pana na zito, upande wa baridi. Na ndani ya pango moja iwekwe moss mbichi iliyokamuliwa, ili kuwe na chumba kimoja chenye unyevu kuliko vingine vyote.

Jibu la mtihani huo huja kila baada ya wiki kadhaa, nyoka anapojivua gamba. (Msemo huo wanasiasa wa Dodoma waliuazima mwaka 2011, nyoka huikamilisha kazi hiyo kwa utaratibu zaidi.) Kwanza rangi hufifia na tumbo huwa la waridi. Macho huingia utando wa buluu iliyochanganyika na maziwa, maana majimaji hujipenyeza kati ya gamba la zamani na jipya, na kwa siku hizo haoni vizuri, hataki kushikwa wala kula. Halafu macho husafika, na mgeni wa mambo haya hudhani limeghairiwa. Siku chache baadaye huanza kusugua mdomo kwenye jiwe au tawi mpaka gamba likachanika midomoni, akatambaa kutoka ndani yake huku likigeuka ndani nje, toka kichwani hadi ncha ya mkia, kipande kimoja.

Liokote kabla halijakauka ulichunguze mbele ya dirisha. Kichwani utaona vioo viwili vya duara: nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba angavu ambalo nalo hubadilishwa. Vikiwepo vyote viwili, na ncha ya mkia ikiwepo, unyevu wako uko sawa, hata kama kipimo kinasema vingine. Gamba likitoka vipandevipande, kiraka hapa, pete pale, sanduku ni kavu. Pete iliyobaki kwenye ncha ya mkia hukaza na kuzuia damu, na mkia hufa. Dawa ni kumweka saa moja au mbili kwenye chombo chenye taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu, apite katikati ya taulo mwenyewe. Kioo cha jicho kilichobaki kisibanduliwe kwa kucha wala kwa kibano. Jicho lenyewe laweza kutoka nacho. Rekebisha unyevu na usubiri gamba lijalo, au nenda kwa daktari.

Kwa walio huku nyumbani, mahesabu hubadilika kulingana na mwinuko. Watamu, ambako marehemu James Ashe alianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken mwaka 1980, bahari hufanya kazi ya kipasha joto na ya bakuli la maji kwa pamoja. Nairobi na Arusha mwezi wa Julai ni hadithi nyingine: usiku wa digrii 12 ni baridi ya kumuua chatu polepole kwenye chumba ambacho binadamu anaona kinavumilika kwa blanketi. Na kabla ya taa kuna karatasi. Tanzania, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya, chini ya ile ya mwaka 2013, haziruhusu mtu kuweka chatu nyumbani bila kibali, hata kama amemwokota shambani kwake na amemhurumia.

Ng'ambo au huku, sanduku liwashwe likiwa tupu wiki nzima kabla ya mgeni kuingia, vipimo viandikwe asubuhi, adhuhuri na usiku wa manane, na kinachoyumba kirekebishwe wakati hakuna anayeumia. Mgeni akishaingia, andika pia anakolala. Chatu anayeshinda kwenye bakuli la maji amezidiwa na joto au ana utitiri. Anayeganda upande wa moto siku zote pengine upande wake wa baridi ni baridi mno, na anayezungukazunguka usiku kucha akisukuma vioo kwa pua kuna kitu anakitafuta ambacho hukumwekea.

Umeme ukikatika, kama unavyokatika kwetu bila kuaga na kama unavyokatika Texas wakati wa barafu, usihangaike kwa saa chache za kwanza: nyoka mzima na mwenye tumbo tupu huvumilia kupoa. Funika sanduku kwa blanketi, ukiacha matundu wazi. Baridi ikizidi, jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo, ilaze upande mmoja tu, ili hata usiku huo awe na pa kukimbilia. Kama alikuwa amekula jana, fanya haraka zaidi, maana mwenye panya tumboni hana muda wa kungoja shirika la umeme. Na umeme ukirudi, mlo unaofuata usogezwe mbele mpaka vipimo vitulie mchana na usiku.